Ulinzi Usingoje Jina: Kumbukumbu na Mafunzo ya Kuishi na Ganzi ya Miguu

Ganzi ya miguu na mikono, pamoja na ile hali ya kuchomwachomwa ambayo wengi huiita sindano sindano, ni miongoni mwa malalamiko ambayo mgonjwa huyaeleza kwa shida na tabibu huyapokea kwa tahadhari, kwa kuwa hayana uvimbe wa kushikwa, hayana jeraha la kuonekana, na aghalabu hayana hata homa ya kupimwa. Tiba ya leo inazijua sababu nyingi zinazoweza kuyaleta, lakini inakiri pia kwamba sehemu kubwa ya wenye maradhi ya neva za pembeni, ambayo mara nyingi hukadiriwa kuwa kati ya robo na theluthi yao, hubaki bila chanzo kinachojulikana hata baada ya kufanyiwa vipimo vinavyostahili. Makala haya yanayaangalia maisha ya kundi hilo kupitia kumbukumbu za mwandishi wake, aliyeishi na hali hiyo kwa miaka mingi, na yanatetea hoja moja: kwamba ulinzi wa kiungo kilichokufa ganzi haupaswi kungoja jina la ugonjwa, kwani anayeahirisha kujilinda mpaka apate maelezo kamili anaweza kupoteza kidole au mguu akiwa bado kwenye foleni ya vipimo.

Neva, ambazo huitwa pia mishipa ya fahamu, ni nyuzi zinazopeleka habari kati ya ubongo, uti wa mgongo na viungo vingine vyote vya mwili, na zile zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo ndizo huitwa neva za pembeni. Ndani ya neva moja mna nyuzi nyembamba nyingi sana ziitwazo aksoni, na kila aksoni ni mkia wa seli moja tu ambayo kiini chake hukaa karibu na uti wa mgongo, hata ikawa kwa mtu mzima mkia unaofika kwenye kidole gumba cha mguu hukaribia urefu wa mita 1. Karibu kila kitu kinachotumiwa na aksoni hutengenezwa kwenye kiini hicho na kusafirishwa hadi mwisho wa mkia, kwa hiyo seli inapodhoofishwa na sukari nyingi, sumu au ukosefu wa lishe, ncha iliyo mbali kuliko zote ndiyo hutangulia kuathirika. Hii ndiyo sababu ganzi ya aina hii huanzia kwenye vidole vya miguu yote miwili, hupanda taratibu kufuata mipaka ya soksi, na inapokaribia magoti huanza kuonekana kwenye ncha za vidole vya mikono kufuata mipaka ya glavu, mpangilio ambao madaktari wameupa jina la ganzi ya soksi na glavu.

Nyuzi hizo pia zimegawana kazi. Zile nene, zilizofunikwa kwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, hupeleka habari za mtetemo na za mahali kiungo kilipo, ilhali zile nyembamba hupeleka habari za moto, baridi na maumivu. Uzi ulioumia unaweza kunyamaza kabisa, na hapo mtu hupata ganzi, au unaweza kutuma ishara bila kuguswa na kitu chochote, na hapo huhisi kuchomwa, kuwaka moto au kutambaliwa na siafu. Kwa kuwa katika mguu mmoja nyuzi nyingine hunyamaza huku nyingine zikipiga kelele, mgonjwa anaweza kusema kwa wakati mmoja kwamba mguu hauhisi kitu na kwamba unamuuma, kauli ambayo kwa jamaa zake huonekana kujipinga na kwa wengine huonekana kuwa dalili ya kudekeza mwili.

Kwa mwandishi, aliyekuwa akifanya kazi ya kuhariri vitabu vya shule jijini Dar es Salaam, hali hii haikuanza kwa maumivu. Ilianza kwa ndala kumtoka mguuni bila yeye kutambua, akawa hugundua baada ya hatua kadhaa kwamba unyayo mmoja unakanyaga sakafu, na hata ugunduzi huo aliupata kwa macho au kwa sauti ya hatua zake. Wakati wa kutawadha aliona kwamba maji yaleyale ya bomba yaliyokuwa baridi mikononi hayakuwa na baridi wala joto yalipofika miguuni. Kuchomwachomwa kulifuata baadaye, na kulizidi usiku, kiasi kwamba shuka likigusa vidole lilimletea maumivu, hali ambayo wataalamu huiita alodinia, yaani kuumizwa na mguso ambao kwa kawaida haumuumizi mtu. Alijizoeza kulala huku miguu ikiwa nje ya shuka, na kwa kuwa alilala ndani ya chandarua, ilimbidi ajifunze pia kukichomeka vizuri kisigusane na nyayo.

Dalili iliyomshangaza zaidi ilijitokeza umeme ulipokatika. Mtu mwenye neva nzima hujua miguu yake iko wapi hata gizani, kwa kuwa viungo vyenyewe huupasha ubongo habari za mahali vilipo, lakini mtu ambaye nyuzi zake nene zimedhoofika huyatumia macho kufidia upungufu huo bila kujua kwamba anafanya hivyo, na giza linapoingia hupepesuka kama aliyelewa. Daktari mmoja wa Berlin wa karne ya 19, Moritz Heinrich Romberg, aliiona tofauti hii na kuacha kipimo ambacho bado kinatumika: mgonjwa husimama miguu ikiwa pamoja, kisha hufumba macho, naye tabibu hukaa karibu ili amdake iwapo atayumba. Mwandishi alikuwa akikifanya kipimo hicho kila asubuhi bila kukijua, kwani alipofumba macho ili aoshe sabuni usoni ilimbidi aegemee ukuta wa bafuni.

Jamii haiachi dalili bila maelezo, na kabla mgonjwa hajafika kwa mtaalamu huwa amekwisha kupewa maelezo kadhaa, kila moja likiwa na dawa yake. Shangazi yake mwandishi alimwambia, "Mwanangu, hapo damu haitembei," akashauri miguu ikandwe kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa mafuta ya karafuu. Jirani alisema ni baridi iliyoingia mifupani kwa kulala sakafuni. Mfanyakazi mwenzake alihukumu kwamba ni kisukari na akamkataza chai yenye sukari. Na walikuwapo walionong'ona kwamba amekanyaga kitu alichowekewa njiani. Maelezo haya hayastahili kudharauliwa kwa jumla, maana neva nazo huishi kwa damu, na kisukari huidhuru mishipa midogo inayozilisha, kwa hiyo anayesema damu haitembei yuko karibu na ukweli kuliko anavyodhaniwa. Hatari imo katika dawa yenyewe, kwa sababu mguu usioweza kutofautisha vuguvugu na moto mkali unaweza kukandwa mpaka ngozi ikababuka bila mwenyewe kulalamika. Mwandishi aliikubali huruma ya shangazi yake na akaukubali uchuaji wa mafuta, ila aliweka sharti moja ambalo bado analishika: maji yapimwe kwanza kwa kiwiko, au kwa mkono wa mtu mwingine, kabla ya mguu kutiwa.

Utafutaji wa chanzo hospitalini una mpangilio wake, na mgonjwa anayeufahamu huokoa fedha na muda. Hatua ya kwanza haihitaji mashine, kwani ni historia: kazi anayofanya na kemikali anazozishika, pombe, chakula, dawa anazomeza au alizowahi kumeza, na kama kuna ndugu wenye hali kama yake. Kisukari huwa juu ya orodha, nacho huthibitishwa kwa sukari ya 7.0 mmol/L au zaidi baada ya kufunga usiku kucha, au kwa kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi 2 hadi 3 iliyopita, kikifika asilimia 6.5. Hata mwenye kisukari kinachodhibitiwa vizuri hapaswi kuachwa hapo, kwa sababu metfomini, dawa ambayo wengi wao huimeza kwa miaka, hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12, na upungufu wa vitamini hiyo peke yake unatosha kuleta ganzi na kupepesuka. Watu wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa, pamoja na wazee ambao tumbo lao limepungua uwezo wa kuifyonza, wako kwenye hatari hiyohiyo.

Katika Afrika Mashariki orodha hiyo ina mambo ambayo vitabu vya nchi tajiri huyapitia kwa haraka. Virusi vya UKIMWI vyenyewe hudhuru neva, na miongoni mwa dawa za mwanzo zilizosambazwa kwa wingi kulikuwa na stavudini, iliyookoa maisha ya wengi na papo hapo kuwaachia wengi miguu ya kuwaka moto, mpaka Shirika la Afya Duniani lilipoelekeza mwaka 2009 kwamba iondolewe hatua kwa hatua. Izoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huupunguzia mwili vitamini B6, na ndiyo sababu wagonjwa wengi huandikiwa vitamini hiyo sambamba nayo. Mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa ipasavyo hubaki na sumu ya sianidi, na tafiti za Benjamin Osuntokun nchini Nigeria katika miaka ya 1960 ziliihusisha na ugonjwa wa ganzi, kupepesuka na kupungua kwa nuru ya macho. Kisha upo ukoma, ambao bakteria wake aligunduliwa mjini Bergen, Norwei, mwaka 1873 na Gerhard Armauer Hansen, na ambao bado unaonekana Tanzania ingawa nchi ilifikia mwaka 2006 kiwango cha kuutangaza kuwa si tatizo kubwa la afya ya jamii kitaifa. Baka lisilo na hisia kwenye ngozi, au neva iliyovimba inayopapasika nyuma ya kiwiko, ni jambo la kuchunguzwa mara moja, kwani dawa za ukoma hutolewa bure na uharibifu wa neva huweza kuzuiwa ukiwahiwa.

Orodha hiyo ilipokwisha kupitiwa kwa mwandishi, pamoja na vipimo vya figo, ini, kaswende na tezi ya shingoni, majibu yote yalirudi yakiwa ya kawaida, na hapo ndipo ulipoanza ugumu ambao maandishi ya tiba huugusia kwa uchache. Tabibu mmoja, baada ya kuyasoma majibu hayo, alimwambia kwamba hana ugonjwa na kwamba ni mawazo tu, akamshauri apumzike. Mwingine, ambaye ni mtaalamu wa neva, aliyasoma majibu yaleyale, akagonga chuma cha kupimia mtetemo na kukiweka kwenye kidole gumba cha mguu, akasubiri, kisha akasema kwamba chanzo hakijui lakini kinachotokea anakijua: ncha za neva ndefu zimeumia, na hilo limethibitika kwa kuwa mgonjwa hauhisi mtetemo ambao daktari anauhisi kwa kidole chake mwenyewe. Kauli hizo mbili zilitokana na karatasi zilezile. Ya kwanza ilimpeleka mgonjwa nyumbani akiwa na aibu, na ya pili ilimrudisha nyumbani akiwa na kazi ya kufanya.

Ni muhimu kueleza kwa nini majibu ya kawaida hayatoshi kumtangaza mtu kuwa mzima. Kipimo cha kasi ya umeme katika neva, ambacho hupatikana katika hospitali chache na ambacho wagonjwa wengi hukisubiri kwa matumaini makubwa, husoma nyuzi nene peke yake, kwa hiyo mtu ambaye nyuzi zake nyembamba ndizo zilizoharibika anaweza kuwaka moto usiku kucha na bado akapewa jibu safi asubuhi. Nyuzi nyembamba huhesabiwa kwa kukata kipande kidogo cha ngozi chenye upana wa milimita 3 na kukichunguza kwa hadubini kwa namna maalumu, kazi ambayo maabara nyingi za kanda hii hazina vifaa vyake. Jibu la kawaida, basi, maana yake ni kwamba kipimo kile hakikuona kasoro katika kile kinachoweza kukiona, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa mipaka hiyo. Wataalamu huutumia msamiati wa idiopathia kwa maradhi yasiyojulikana chanzo, na neno hilo likiandikwa kwenye faili hubeba wajibu wa kuendelea kufuatilia, kwa kuwa chanzo kisichoonekana mwaka huu kinaweza kujitokeza miaka michache baadaye. Mwandishi na daktari wake walikubaliana kwamba vipimo vya msingi vya damu vitarudiwa kila mwaka, au mapema zaidi hali ikibadilika, na kwamba baina ya vipimo hivyo fedha za familia hazitatumika kuzunguka kutoka maabara moja hadi nyingine kutafuta karatasi mpya yenye majibu yaleyale.

Historia ya tiba inatoa ushahidi kwamba kinga haikuwahi kusubiri maelezo kamili, na ushahidi wenyewe unatoka katika maradhi ya neva. Beriberi, ugonjwa unaoleta ganzi ya miguu, udhaifu na hatimaye kushindwa kwa moyo, uliwaua mabaharia wengi wa Japani katika karne ya 19. Daktari wa jeshi la majini, Takaki Kanehiro, aliamini kwamba sababu ilikuwa ni uhaba wa protini katika chakula cha wali mweupe mtupu, na mwaka 1884 aliituma meli ya Tsukuba katika safari ndefu ikiwa na chakula kilichobadilishwa, chenye nyama na nafaka nyingine, ambapo hakuna baharia aliyekufa kwa beriberi. Nadharia yake haikuwa sahihi, maana kilichokosekana kilikuwa ni vitamini B1, iliyotenganishwa kutoka kwenye pumba za mchele mwaka 1926 kule Java, mahali ambapo Christiaan Eijkman alikuwa amekwisha kuona kwamba kuku waliolishwa mchele uliokobolewa walilegea miguu. Mabaharia walinusurika zaidi ya miaka 40 kabla ya sayansi kujua kilichowanusuru.

Karne iliyofuata ilileta mfano mwingine kutoka Kuba, ambako kati ya mwaka 1991 na 1993, baada ya biashara na Umoja wa Kisovieti kuanguka na chakula kuadimika, watu zaidi ya 50,000 walipata maradhi ya neva, wengine wakipoteza nuru ya macho na wengine wakifa ganzi miguu. Wataalamu walibishana kuhusu sumu, virusi, tumbaku na lishe, lakini serikali haikungoja mjadala umalizike. Iligawa vidonge vya vitamini kwa wananchi wote, na mlipuko ukapungua. Dar es Salaam nayo ilikuwa na mlipuko wake, ambao watu wa nje ya taaluma hawaufahamu sana: kuanzia mwaka 1988 hivi, madaktari wa macho walianza kupokea vijana waliopungukiwa na nuru ya katikati katika macho yote mawili, baadhi yao wakiwa pia na ganzi na miguu ya kuwaka moto. Lishe ilishukiwa, taarifa zilichapishwa katika majarida ya kitaalamu mwaka 1997 na 1998, na chanzo hakikuthibitishwa. Mwandishi alipozisoma taarifa hizo alipata faraja ya namna yake, kwa kuwa alitambua kwamba katika jiji lake mwenyewe walikuwapo wengi waliotembea na swali kama lake.

Aliyeifundisha dunia jinsi ya kuulinda mguu usiohisi ni Paul Brand, daktari mpasuaji aliyeanza kazi Vellore, kusini mwa India, mwaka 1946, na baadaye akahamia katika hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana. Wakati huo iliaminika kwamba vidole vya mwenye ukoma huoza na kudondoka kwa nguvu ya ugonjwa wenyewe, lakini Brand, kwa kuwafuatilia wagonjwa katika shughuli zao, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya uharibifu ilitokana na majeraha ya kawaida ambayo mtu mwenye maumivu angeyakwepa: sufuria ya moto, msumari ndani ya kiatu, kipini cha jembe kilichoshikwa kwa nguvu kupita kiasi. Alikuta pia kwamba panya walikuwa wakiwatafuna wagonjwa vidole usiku bila wao kuamka, akaagiza wafuge paka. Jambo hilo halikubaki India. Mwaka 2005 Zulfiqarali Abbas na wenzake, waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa wa kisukari Dar es Salaam, walichapisha taarifa ya wagonjwa walioletwa wakiwa na majeraha ya panya miguuni, yaliyopatikana usingizini. Waswahili husema panya huuma na kupuliza, na kwa mguu wenye ganzi hahitaji hata kupuliza.

Kutokana na mafunzo hayo mwandishi alijiwekea taratibu ambazo hazikumgharimu fedha nyingi. Kila usiku kabla ya kulala hukagua nyayo zote mbili, hutumia kioo kidogo kuona asipofika kwa macho, na hupitisha kidole cha mkono katikati ya vidole vya miguu akitafuta unyevu, mpasuko au lengelenge. Viatu hukung'utwa na kupapaswa ndani kabla ya kuvaliwa, maana kokoto inayomsumbua mtu mwingine kwa hatua mbili inaweza kukaa kwake siku nzima na kutoboa ngozi. Ndala zenye kishikizo cha katikati ya vidole aliziacha, kwa sababu husugua mahali pasipohisi na humtoka bila taarifa, akachagua viatu vyenye nafasi mbele na ukanda wa nyuma. Kucha hukatwa kwa mnyoofu, si kwa kufuata mviringo wa kidole, na sugu hazichongwi kwa wembe. Chandarua na usafi wa chumba humlinda na panya, na jiko la mkaa huwekwa mbali na miguu hata wakati wa baridi.

Maeneo mengine ya hatari yalimhitaji afikiri upya mambo ya mazoea. Ua wa msikiti wenye sakafu ya saruji huwa wa moto sana baada ya sala ya adhuhuri, na waumini wengine hukimbilia viatu vyao kwa sababu nyayo zinawaambia wafanye hivyo, ilhali yeye angeweza kutembea polepole na kubabuka. Kwa hiyo huingia akiwa amevaa soksi nene na huweka viatu vyake karibu kabisa na mlango wa ndani. Abiria wa bodaboda hufahamu ekzosi kwa sababu huunguza mara moja, lakini mwenye ganzi iliyopanda hadi muundini anaweza kushuka safari ikiisha akiwa na jeraha la moto, na hivyo yeye hupanda na kushukia upande usio na ekzosi. Katika kuinuka kutoka kwenye sijida alianza kupepesuka, akahamia kwenye safu iliyo karibu na nguzo, na siku ambazo miguu imekuwa mibaya huswali akiwa ameketi, jambo ambalo dini imemruhusu mgonjwa.

Kuhusu maumivu, dawa za kawaida za kutuliza kama parasetamoli husaidia kidogo sana maumivu yanayotoka kwenye neva zenyewe, na zinazotumika zaidi ni amitriptilini, gabapentini na pregabalini, ambazo lazima ziandikwe na daktari. Amitriptilini ilianza kama dawa ya sonona, na mgonjwa anayesoma karatasi ya ndani ya boksi anaweza kudhani kwamba ameonekana ana ugonjwa wa akili. Ukweli ni kwamba kiwango cha miligramu 10 au 25 usiku, kinachotumiwa mwanzoni kwa maumivu ya neva, ni kidogo kuliko kile cha kutibu sonona, na kazi yake hapa ni kupunguza kelele za ishara zinazofika ubongoni. Dawa hizi hutuliza tu, hazirudishi hisia, na faida yake kubwa kwa mwandishi imekuwa ni usingizi.

Vitamini nazo zinahitaji tahadhari ambayo haitolewi mara nyingi kwenye maduka ya dawa, ambako anayelalamikia ganzi huuziwa upesi vidonge au sindano za vitamini B za mchanganyiko kwa jina la dawa ya mishipa. Mwenye upungufu wa B12 au B1 hufaidika sana, na katika mazingira ya lishe duni kuzitumia kwa kipimo kinachofaa ni jambo la busara. Hata hivyo, mwaka 1983 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa ya watu saba waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 za vitamini B6 kwa siku, ambao waliishia kushindwa kutembea sawasawa kwa ganzi iliyosababishwa na vitamini hiyohiyo, na tangu hapo imeonekana kwamba hata viwango vidogo kuliko hivyo huweza kudhuru vikitumiwa muda mrefu. Anayekunywa vidonge vya aina mbili au tatu kwa pamoja ajumlishe B6 iliyomo katika vyote na amwonyeshe daktari, kwani anaweza kuwa anaulisha ugonjwa anaoutibu.

Katika familia, mzigo mzito zaidi wa ugonjwa usioonekana ni kutakiwa kuuthibitisha kila mara. Mwandishi aliona kwamba daftari lilimsaidia kuliko maelezo marefu: aliandika saa ambayo miguu ilianza kuwaka, chakula, dawa, mahali ganzi ilipofika ikipimwa kutoka kifundo, na mara alizokosea hatua. Daftari hilo lilimpa daktari kitu cha kusoma, likawapa jamaa picha ya ugonjwa unaotembea polepole, na likamwonyesha mwenyewe kwamba mwaka mzima ulikuwa umepita bila ganzi kupanda zaidi. Neva za pembeni, pale ambapo kisababishi kimeondolewa, huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, na kwa hiyo mabadiliko hupimwa kwa miezi. Na katika maradhi ya neva yasiyojulikana chanzo wengi huendelea kutembea kwa miguu yao kwa miaka mingi, kwa kuwa hali huongezeka taratibu au husimama. Mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja huku mkono ukiwa karibu na ukuta, na ya kutembea kila siku kwa viatu vizuri, yalimrudishia sehemu ya uthabiti aliokuwa ameupoteza.

Uvumilivu huo una mipaka, na mipaka yenyewe lazima ijulikane nyumbani. Ganzi inayopanda kwa siku au wiki chache ikifuatana na udhaifu wa miguu, hasa baada ya kuhara au homa, inaweza kuwa ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao huweza kufika kwenye misuli ya kupumua. Ganzi ya ghafla ya upande mmoja wa mwili, pamoja na mdomo kupinda au ulimi kuwa mzito, ni dalili ya kiharusi. Ganzi ya mapajani na sehemu za siri, ikiandamana na kushindwa kukojoa au kuzuia choo, huonyesha kwamba neva zinabanwa mgongoni. Katika hali hizo zote mgonjwa hupelekwa hospitali saa hiyohiyo, wala hakuna nafasi ya kukandwa wala ya kungoja asubuhi.

Kwa yule ambaye ganzi yake ni ya taratibu na majibu yake yamerudi bila jina, funzo la kumbukumbu hizi ni la kutendwa. Apimwe sukari, B12 na virusi vya UKIMWI, akaguliwe ngozi na neva kwa ajili ya ukoma, na dawa zake zote zipitiwe. Yakishafanyika hayo, asikubali kuambiwa kwamba hana kitu, wala asiuze shamba kutafuta kipimo cha mwisho. Aombe atajiwe tarehe ya kurudiwa kwa vipimo, na kabla ya kulala usiku wa leo akague nyayo zake zote mbili, kwa sababu chanzo kinaweza kujulikana mwakani au kisijulikane kamwe, lakini kidonda kinachoonekana leo kinaweza kutibiwa leo.